Kibao Kimoja kwa Watu Arobaini

Asikudanganye mtu, pasi ya mvuke ni nzito. Nimeishika miaka kumi na minane na mkono wangu bado haujaizoea. Ukiniona nimekaa kimya jioni, usidhani nimekasirika. Nimechoka tu.

Kazi yangu ni kupiga pasi mashuka. Ni mashuka ya hospitali na ya nyumba za wageni. Asubuhi yanaletwa kwa gari yakiwa machafu. Yanafuliwa kwa mashine, yanakamuliwa, yanakaushwa, halafu yanatufikia sisi. Shuka moja linataka watu wawili. Mmoja anashika pembe za huku, mwenzake za kule. Mnavuta, mnalaza, mnapiga pasi, mnakunja mara nne. Moja likiisha, lingine lipo. Nimeyaota mashuka mpaka nimechoka kuyaota.

Kiwandani hakuna anayeniita kwa jina langu. Wananiita Mama Kibao. Nitakwambia kwa nini, ingawa si jambo la kujivunia. Zamani nilijivunia.

Chumba chetu cha pasi kina watu arobaini. Kina dirisha moja, liko juu, lina nondo. Mlango ni wa chuma. Ulikuwa ukifungwa kwa kufuli kwa nje, tangu saa moja asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Nusu saa tu ya chakula ndiyo tuliyofunguliwa. Msimamizi alisema ni kwa sababu ya wizi wa mashuka. Wizi wenyewe ulitokea mara moja, na mwizi hakuwa wa chumba chetu. Mwizi aliondoka, kufuli likabaki.

Choo kiko nje, ng'ambo ya ua. Ukitaka kwenda ilikuwa lazima uwe na kibao. Ni kipande cha mbao, ukubwa wa kiganja, kimetobolewa na kutiwa kamba. Unagonga mlango. Mlinzi anachungulia kwenye kitundu. Unamwonyesha kibao, anakufungulia. Bila kibao hafungui, hata ulie machozi ya damu. Na kibao kilikuwa kimoja. Kimoja, kwa watu arobaini.

Kibao hicho kilikaa kwangu, kwenye msumari wa meza yangu. Msimamizi alinikabidhi miaka saba iliyopita. Aliniambia, "Wewe ni mtu mzima, watakusikiliza." Nikavimba kichwa. Nilikuwa naandika kwa chaki ukutani nani katoka na katoka saa ngapi. Aliyezidisha dakika tano nilimwekea alama. Alama tatu, anaitwa ofisini.

"Mama Kibao, nipe basi, nimebanwa!"

"Kimetoka. Subiri."

"Nisubiri mpaka lini?"

"Mpaka kirudi. Mimi nilikutuma unywe birika zima la chai?"

Watu walicheka, na mimi nilicheka. Ndivyo tulivyoishi.

Mimi mwenyewe sikukitumia kile kibao. Nilikuwa na ujanja wangu. Nilikunywa kikombe kimoja cha chai alfajiri, basi, mpaka nirudi nyumbani jioni. Tone la maji halikunigusa mdomo kutwa nzima, na pale ndani ni joto tupu. Kila siku saa nane kichwa kiliniuma. Nikadhani ni uzee.

Ujanja huo nikamfundisha mke wa mwanangu.

Mwanangu ni fundi bomba. Leo ana kazi, kesho hana. Walipooana, mkwe wangu aliomba nimtafutie nafasi kiwandani, nikamtafutia. Siku ya kwanza alipewa karatasi ya masharti atie sahihi. Yeye ni msomaji. Aliisoma yote, tena polepole.

"Mama," aliniambia, "hapa wameandika kwamba nakubali kufungiwa mlango, na sitalalamika popote."

"Tia sahihi, mwanangu. Sote tumetia."

Nilimwonyesha na kidole pa kutia, kama nilivyowapelekea karatasi hiyo wengi kabla yake.

Mwaka jana mimba yake ya kwanza iliharibika. Alilia wiki tatu. Mwaka huu akashika nyingine, na nyumba nzima tukawa tunatembea kwa vidole, kama vile tukikanyaga kwa nguvu mtoto ataondoka. Kazi hakuacha. Tungekula nini? Mimba ilipofika miezi saba, alikuwa bado anasimama na pasi kutwa, hanywi maji, kama nilivyomfundisha.

Sasa sikiliza nilichofanya.

Ilikuwa Jumanne, joto kali. Kama saa sita kasoro alinijia, uso umemwiva, mkono kiunoni.

"Mama, naomba kibao."

Kibao kilikuwa ndiyo kwanza kimerudi. Lakini kulikuwa na watu watatu kwenye foleni. Wa kwanza, mwanamke wa meza ya tatu, akasema, "Mpe yeye, jamani. Si unaiona hali yake?"

Nikaona macho ya chumba kizima yananiangalia. Nikaona kesho watasema Mama Kibao anampendelea mkwe wake. Nikajifanya jiwe.

"Foleni ni foleni," nikasema. "Mwanangu, jikaze kisabuni."

Hakubishana. Hajawahi kunijibu vibaya, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Alirudi mezani kwake. Yule wa meza ya tatu akachukua kibao akatoka. Mlango ukafungwa. Dakika haikupita, nikasikia pasi inaanguka, na mkwe wangu akaanguka nayo.

Tulikimbilia mlangoni. Tulipiga chuma kwa ngumi. Mlinzi akachungulia kwenye kitundu.

"Kibao kiko wapi?"

"Mtu kaanguka! Mjamzito! Fungua!"

"Kibao kiko nje. Nimeambiwa nisifungue bila kibao. Nikifungua nafukuzwa mimi."

Tukasubiri kibao kirudi kutoka chooni. Nilikuwa nimepiga magoti, kichwa chake mapajani mwangu, nikaitazama saa ya ukutani, ile ile niliyokuwa nikiwahesabia wenzangu. Dakika sita. Usiombe kuzijua dakika sita za namna hiyo.

*

Hospitalini walimtundikia chupa za maji. Daktari, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, alituambia maambukizi yameingia kwenye njia ya mkojo na yamepanda mpaka kwenye figo. Uchungu ulikuwa umeanza kabla ya wakati, wameutuliza. Mtoto yuko hai, lakini mkwe wangu akirudi kwenye hali ile ile, hawaahidi kitu.

Kisha muuguzi akauliza, "Kwa siku anakunywa maji kiasi gani?"

Nikatazama zile chupa za maji.

"Kikombe kimoja," akasema mkwe wangu.

"Kimoja! Katika hali hiyo! Nani kakufundisha?"

Mkwe wangu akaniangalia kidogo, kisha akaangalia dari.

"Nimejifunza kazini," akasema.

Hakunitaja. Nilitoka nje nikalia, sifichi.

Mwanangu alinikuta kwenye benchi. Alikaa kando yangu. Halafu akasema, "Mama, mimi kutwa nafunga vyoo vya watu. Mke wangu anakosa pa kwenda haja."

Ijumaa tukaletewa ujumbe. Msimamizi anasema mkwe wangu asiporudi Jumatatu, nafasi yake anapewa mwingine. Na asithubutu kwenda popote kulalamika, kwa kuwa alitia sahihi. Daktari alikuwa ameandika wiki tatu za kupumzika. Basi hapo maji yalikuwa yametufika shingoni. Akirudi, mtoto hatarini. Asiporudi, kazi imekwenda.

*

Kwenye mlango unaotazamana na wetu anakaa Bi Mashine. Anaitwa hivyo kwa sababu ya taipureta yake, inayolia ta-ta-ta kuanzia asubuhi. Alikuwa karani wa mahakama ya kazi miaka ishirini na miwili. Sasa amestaafu, magoti yanamsumbua, na anawachapia watu barua barazani kwake. Jumapili mchana, baada ya mkwe wangu kuruhusiwa kutoka hospitali, alivuka kuja kumjulia hali. Alitukuta mimi, mwanangu, mkwe wangu kitandani, na mwenzangu ninayeshika naye shuka. Huyu anatoka nchi ya jirani. Kiwandani wanamwita Mgeni, ingawa ana miaka tisa hapa.

Bi Mashine akauliza kulikoni, tukamweleza. Akaomba ile karatasi ya masharti. Mkwe wangu alikuwa na nakala yake.

Aliisoma akavua miwani. "Hii ni ya kufungia karanga," akasema.

"Usiseme hivyo, Bi Mashine," nikamwambia. "Tumetia sahihi wote. Neno limekwisha."

"Halijaisha. Hata ungetia sahihi ya damu. Haki ya binadamu haiuzwi, wala haitiwi sahihi ikaondoka. Msimamizi hakukupa. Hata serikali haikukupa. Umezaliwa nayo."

"Mimi nimezaliwa na shida tu."

"Na shida, ndiyo. Na haki pia. Shida umeziona kwa kuwa zinapiga kelele."

Akaomba kiti kingine anyooshe goti. Mwanangu akamletea.

"Tena nisikilizeni," akasema. "Haya mambo hayakutoka hewani. Kulikuwa na vita vikuu vya dunia. Watu waliuawa kwa mamilioni. Na mengi katika maovu yale yalifanywa kwa karatasi. Yalikuwa na sheria za nchi, mihuri, na sahihi safi kabisa. Vita vilipoisha, watu wakajiuliza: kama sheria ya nchi yenyewe ndiyo inayomuumiza mtu, atakimbilia wapi? Ndipo mataifa yakakaa pamoja. Mwaka 1948, tarehe kumi Desemba, Umoja wa Mataifa ukapitisha Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu. Lina ibara thelathini. Ya kwanza inasema watu wote wanazaliwa huru, na wako sawa kwa utu na kwa haki."

"Kwa utu," akarudia mkwe wangu.

"Huo ndio msingi. Si uraia, si elimu, si dini, si kazi unayofanya. Ni kule kuwa mtu, basi. Na unajua? Rasimu ya mwanzo ilikuwa inataja wanaume. Mjumbe mmoja, mwanamke kutoka India, akasema hapana, andikeni binadamu wote."

"Mungu amjaze heri," nikasema. "Wangetusahau hivi hivi, tuko kwenye pasi."

Mkwe wangu akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Mwanangu hakucheka. "Bi Mashine, maneno mazuri haya. Lakini ni maneno. Nani atamlazimisha mwenye kiwanda?"

"Swali zuri. Tamko peke yake lilikuwa ahadi. Kwa hiyo mwaka 1966 ikaja mikataba miwili, na nchi inayoridhia inajifunga. Mmoja unahusu uhai, uhuru, kusema unachofikiri, kupiga kura, kutoteswa. Wa pili unahusu kazi, afya, elimu, chakula, makazi. Huo wa pili unasema mtu afanye kazi mahali salama, pasipomharibia afya, na apate mapumziko. Nchi yetu imeiridhia yote miwili. Kwa hiyo kabla mke wako hajatia sahihi yake, nchi ilikwisha kutia yake."

"Ila kiwanda si cha serikali," akasema mwanangu. "Ni cha mtu binafsi."

"Serikali ina kazi tatu, mwanangu. Kwanza iheshimu haki, maana yake isikufungie mlango yenyewe. Pili ilinde, maana yake isimwache mtu mwingine akufungie. Hapo ndipo mwenye kiwanda anapoingia. Tatu itimize. Iweke mkaguzi wa kazi, iweke zahanati, shule, mahakama. Mkaguzi yupo. Ofisi yake naijua, nimepanda ngazi zake mpaka magoti yakaisha."

Mgeni alikuwa amekaa mlangoni, kofia mikononi. Akakohoa.

"Na mimi je? Mimi sina kitambulisho cha hapa."

Bi Mashine akamwangalia. "Wewe ni mtu au ni shuka?"

"Ni mtu."

"Basi umo. Zipo haki chache za raia tu, kama kupiga kura. Choo hakimo kwenye hizo."

Tulicheka wote, hata Mgeni. Lakini niliona anajifuta macho na ile kofia.

Mimi bado nilikuwa nabisha. Ukishakuwa na ufunguo wa kitu, hata kipande cha mbao, unabisha. "Sasa Bi Mashine, mashuka yakiibwa? Mwenye kiwanda hana haki?"

"Anayo. Mali yake ilindwe. Haki nyingi zina mipaka, kwa sababu tunaishi wengi. Ila mpaka uwekwe kwa sheria, kwa sababu ya kweli, na kwa kiasi. Anaogopa wizi? Aweke mtu akague mifuko mnapotoka. Kuwafungia watu arobaini na mvuke ndani, moto ukitokea je? Hicho si kiasi. Na zipo haki zisizo na mpaka kabisa. Kuteswa hakuna ruhusa. Kufanywa mtumwa hakuna ruhusa. Hata vita vije."

Akavaa miwani yake tena, akatoa kalamu.

"Nitamwandikia mkaguzi barua. Nataka kila kitu kama kilivyo. Mlango unafungwa saa ngapi. Kibao kiko kimoja. Na anayekitunza ni nani?"

Mwanangu akatazama sakafu. Mkwe wangu akajifanya anapanga shuka lake. Mgeni akageuza kofia yake. Kumbe wote walikuwa wananisitiri.

"Andika," nikasema. "Anayekitunza ni mimi. Siku ile alikiomba, nikamnyima."

Bi Mashine hakunihukumu. Aliandika tu.

*

Jumatatu asubuhi nilikwenda moja kwa moja ofisini kwa Msimamizi. Nikakiweka kibao juu ya meza yake.

"Hiki kitunze wewe," nikasema.

"Mama Kibao, umeamkia upande gani?"

"Sijui. Lakini sikitaki."

"Miaka kumi na minane hapa, unataka kuitupa kwa kipande cha mbao? Utaona cha mtema kuni."

"Nimeshakiona, bwana. Jumanne."

Hakunifukuza siku ile. Alitafuta mtu mwingine wa kushika kibao, kila aliyemwita akakataa. Ikambidi akitunze mwenyewe. Basi watu wakawa wanagonga ukuta wa ofisi yake, unaopakana na chumba chetu, kutwa nzima: bwana, kibao, bwana, kibao, bwana, nimebanwa. Siku mbili tu, macho yakamwingia ndani. Nisiseme uongo, nilifurahi.

Kazi ngumu ilikuwa barua. Bi Mashine alisema itiwe sahihi na wengi. Nikaizungusha wakati wa chakula. Watu hawakuitaka. Mwanamke wa meza ya tatu aliniangalia juu hadi chini.

"Wewe ndiye unaleta karatasi?" akasema. "Karatasi ya mwisho uliyoniletea ilinifungia mlango."

Nilistahili. Nikamwambia, "Ni kweli. Nilikosa. Nilikuwekea alama ukutani kwa kwenda chooni, na wewe ni mtu mzima kama mimi. Nisamehe. Hii isome kwanza, usitie sahihi kwa ajili yangu."

Akaisoma. Ilimchukua nusu saa yote, chakula chake kikapoa. Kisha akatia sahihi, akampa jirani yake. Kati ya watu arobaini, ishirini na saba walitia. Wengine waliogopa, na siwalaumu. Mgeni alitia sahihi ya tatu, kwa herufi kubwa.

Usidhani basi mambo yakaenda mbio. Ofisi ya kazi si maji ya bomba, unafungua yanatoka. Tulikwenda mara ya kwanza, karani anayehusika hayupo. Mara ya pili, yupo, faili halionekani. Mara ya tatu Bi Mashine alipanda ngazi mwenyewe, ameshika ukuta, akakaa kwenye kiti cha wageni akasema hataondoka mpaka barua ipigwe muhuri wa kupokelewa. Ikapigwa. Nilirudi nyumbani siku ile nimechoka kuliko siku yoyote ya pasi. Nilimwambia Bi Mashine, "Kumbe haki ina ngazi nyingi hivi." Akanijibu, "Ndiyo maana wanaotuchezea wanapenda tuchoke."

Wakati huo mkwe wangu alikuwa nyumbani, anakunywa maji kwa kikombe alichopewa na muuguzi, chenye alama. Nafasi yake alikuwa amepewa mwingine.

Wiki ya nne mkaguzi akaja. Ni mwanamke mfupi, viatu vya vumbi, faili kwapani. Msimamizi alimpitisha huku na huko, mashine hii, mashine ile. Kufuli lilikuwa limefichwa asubuhi hiyo, na mlango umeachwa wazi. Mkaguzi akasoma barua yetu, akaangalia mlango, akaona pete za kufuli zinang'aa kwa kusuguliwa.

Akamgeukia mlinzi. "Fanya kazi yako kama siku zote," akamwambia. "Mimi nimo ndani."

Mlinzi akamtazama Msimamizi. Msimamizi akatazama pembeni. Maskini mlinzi akatoa kufuli mfukoni mwa koti lake, akafunga.

Tuliendelea na pasi. Mvuke ukajaa. Mkaguzi alisimama katikati yetu, jasho likimtoka, anaandika. Baada ya kama nusu saa alikwenda mlangoni akagonga.

"Nataka kwenda chooni," akasema.

Kitundu kikafunguka. Na mlinzi, kwa mazoea ya miaka saba, akasema, "Kibao kiko wapi?"

Hakuna aliyecheka. Mkaguzi alisimama pale, akaandika kitu kwenye faili lake, mstari mrefu.

Alipofunguliwa akaenda ofisini, na Msimamizi akamtolea rundo la karatasi za masharti. Tulisikia kila neno, ukuta ni mwembamba. "Wamekubali wenyewe! Tazama, sahihi zote hizi!"

"Naziona," mkaguzi akajibu. "Sahihi ya mfanyakazi haifuti sheria ya nchi. Hilo kufuli litoke leo, nikiwa bado hapa."

Likatoka. Alitoa na amri ya maandishi. Pawe na mlango wa pili wa dharura unaofungukia nje. Vyoo viongezwe. Pawe na maji ya kunywa chumbani. Mjamzito apewe kazi ya kukaa. Na mkwe wangu arudishiwe nafasi yake baada ya kujifungua, kwa kuwa alifukuzwa akiwa na cheti cha daktari. Ikawa hivyo, si kwa siku moja, ila ndani ya miezi miwili ikawa. Mwanangu ndiye aliyepewa kazi ya kufunga vile vyoo. Alivifunga kwa uangalifu, kama anajengea mama yake.

Siku ya kwanza ya maji, waliweka pipa safi lenye bomba pale pembeni ya meza yangu. Saa nne asubuhi nikajaza kikombe. Nikanywa chote. Nikajaza tena. Mgeni alikuwa ameshika pembe zake za shuka, ananingoja, ananitazama. Baadaye nikabanwa. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye msumari, ukakuta msumari mtupu. Nilisimama pale kama mjinga. Halafu nikatoka nje, sikumwomba mtu.

Pasi bado ni nzito. Mashuka hayajaisha. Ila saa nane kichwa hakiniumi tena. Kumbe haukuwa uzee.

Mtoto alizaliwa kwa wakati wake, msichana, mnene, ana sauti kubwa kuliko taipureta ya Bi Mashine. Siku ya saba nilikaa karibu na mkwe wangu. Lile neno lilikuwa limenikaa kooni tangu Jumanne ile.

"Mwanangu," nikasema, "siku ile ulikiomba nikakunyima."

Aliniangalia. Nilitarajia aseme hapana mama, yameisha, usijali. Hakusema.

"Ulininyima, mama," akasema.

"Nisamehe."

Akamfunika mtoto vizuri, akanyoosha mikono, akanipa.

"Mshike," akasema. "Nikanywe maji."

Akaenda kwenye mtungi, akajaza kikombe mpaka juu. Nilimwangalia akinywa, polepole, mpaka kikaisha.